Umeme Ulivyokuwa Ukitoroka Nyumbani kwa Maalim Khatibu

Nyinyi mnaotaka kupunguza gharama za umeme nawapenda sana, kwa sababu ndio mlionisomeshea watoto. Mtu akitaka kupunguza gharama za umeme, jambo la kwanza analofanya ni kwenda dukani kununua kitu kinachotumia umeme. Akishakinunua ananiita nikifunge. Kikishamshinda ananiita nikifungue. Nimeishi vizuri kwa miaka thelathini na kitu baina ya simu hizo mbili. Sasa nimestaafu, goti langu la kushoto halitaki tena kusikia habari za ngazi, kwa hivyo naweza kusema kweli bila ya kujiharibia biashara.

Mie ni fundi umeme, na ni mwanamke. Nalisema mapema kwa sababu miaka yote ile nilipopiga hodi na mkoba wa vifaa begani, mwenye nyumba alichungulia nyuma yangu kumtafuta fundi. Mwanzo nilikuwa nikieleza. Baadaye nikachoka, nikawa nawaambia fundi yuko njiani, mie nimetangulia kumwangalizia kazi. Wengi waliamini mpaka kazi ikaisha. Bwana mmoja wa Vuga alinipa chai na mkate wa ufuta, akanishukuru kwa kumwekea mambo tayari, na nilipokuwa natoka akaniomba nimsalimie fundi.

Kazi nilifundishwa na Bwana Kanti, Mhindi mzaliwa wa Hurumzi, aliyekuwa na duka la waya na swichi pale Darajani. Nilitoka chuoni na cheti changu kwenye bahasha, nikadhani atanipa nyumba nzima nitandike waya. Alinipa kigoda. Alinipeleka kwenye nyumba ya mteja, akazima kila kilichozimika, akanikalisha mbele ya mita na kuniambia nitazame kama inakwenda. Nikamwambia haiwezi kwenda, kila kitu kimezimwa. Akasema vizuri, basi nikae niitazame isivyokwenda. Akaenda zake kunywa kahawa. Aliporudi nilikuwa nshajifunza kwamba mita ilikuwa ikienda, na kwamba cheti changu hakikuwa na habari hiyo.

Huo ndio ufundi wote, wanangu. Yaliyobaki ni waya. Lakini huo hauuziki, kwa sababu hauna kasha wala rimoti, na jirani hawezi kuuona akipita njiani.

Jirani ni mtu muhimu sana katika mambo ya umeme. Kidichi nilikwenda kwenye familia moja ya wakulima wa viungo walionunua sola nzuri kabisa, halafu wakaja kulalamika kwamba taa zinawaka robo saa tu. Nilikuta paneli zimefungwa vizuri, nati zimekazwa, waya umenyooka, na zote ziko chini ya mfenesi mkubwa. Nikawauliza kwa nini kivulini. Wakanijibu kwamba juani zingepata moto, na mfenesi huo ndio unaoonekana vizuri kutoka barabarani. Bwejuu nako nilifanya kazi kwa mwenye hoteli aliyeandika kibaoni kwamba nyumba yake inalinda mazingira. Vyumba vyake vyote vilikuwa na AC, na milango yote ya pwani ilikuwa wazi mchana kutwa ili wageni wapate upepo wa bahari. Nikamwambia anaipoza Bahari ya Hindi. Akaniuliza kama kuna AC kubwa zaidi.

Lakini hao ni wa kuchekwa tu. Nilitaka kuwasimulia nyumba ya Maalim Khatibu, kwa sababu pale sikucheka sana.

Maalim Khatibu alisomesha hesabu nusu ya watu wa Kiponda, na mie nimo. Alikuwa mkali, msafi, na hajapatapo kukosea jumla. Alipostaafu alikuwa akikaa dirishani chumbani kwake, ghorofa ya juu, akibishana na wapita njia kuhusu kila kitu, hasa mpira. Halafu akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakamkimbia. Yalimbakia machache, nayo yalikuja mojamoja, na kila moja alilitoa kwa shida kama mtu anayeng'oa msumari.

Mwanawe Nassor, anayefanya kazi ya ofisi bandarini, ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa akiishi mle ndani na mkewe Rukia na watoto wao. Alisema umeme unamla mshahara. Ananunua yuniti Jumatatu, Alhamisi mita inalia. Na juu ya hivyo babake anaungua kwa joto. Alikuwa ameshaamua kwamba ama atafunga sola kubwa na kuongeza AC, ama atawahamisha wote kwenye nyumba aliyojenga Fuoni, na hii ya Kiponda ampangishe mtu wa hoteli. Fedha alizoweka zilikuwa za jambo moja kubwa, si mawili.

Nilipofika Rukia alinifungulia mlango. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimuuguza Maalim. Tukiwa kwenye ngazi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wameshajaribu kumteremsha mzee ghorofa ya kati, kwenye ubaridi. Kila walipojaribu, alishika mbao ya kitanda kwa mkono wa kushoto na hakuna aliyeweza kumbandua. Kama hivyo ndivyo kwa ghorofa moja, akasema, wakimtoa Kiponda kumpeleka Fuoni hatomaliza mwaka.

"Nassor hayataki maneno hayo," akaniambia. "Lakini mie ndiye ninayemlisha. Mie najua."

Juu nikamkuta muuza sola aliyeitwa na Nassor ameshafika. Nawaambia kweli, nilikuja na hamu ya kumchukia. Alikuwa na shati lililopigwa pasi na simu kubwa ya kuoneshea picha. Lakini aliniamkia "shikamoo" kwa adabu, nikamjibu "marahaba", akasogea nipate pa kukaa, na sola yake ilikuwa sola kweli, si uchafu. Alimuuliza Nassor anatumia yuniti ngapi kwa siku. Nassor akamtajia. Yeye akazidisha, akapata paneli za kufunika bati zima, na betri za kujaza chumba cha watoto. Hakuuliza kwa nini nyumba ya watu wachache inatumia umeme wa kiwanda cha barafu. Haikuwa kazi yake kuuliza. Aliombwa kivazi, akapima mwili aliooneshwa.

Chumba chenyewe nikieleze. Nyumba ile chini ni ya mawe na chokaa, kuta nene kama mkono wangu ulivyo mrefu. Waliojenga hawakuwa na AC, kwa hivyo walilazimika kutumia akili. Ukiingia saa saba mchana wa kaskazi, jua la kupasua kichwa nje, ndani ubaridi. Lakini chumba cha juu kilikuwa zamani sakafu ya wazi ya kuanikia nguo. Babu wa Nassor ndiye aliyekiezeka mabati na kukitia madirisha ya mbao pande tatu. Kwa bati lile tupu, bila ya silingi, chumba kingekuwa tanuri, ila yale madirisha ndiyo yaliyokuwa yakikiokoa. Upepo uliingia upande mmoja ukatoka mwengine.

Nassor, kwa mapenzi ya babake, aliyafunga. Baada ya kiharusi daktari alisema mgonjwa apate utulivu. Nassor akasikia "utulivu", akaenda kununua madirisha ya aluminiamu. Akayapachika kwa ndani, vioo vizito, na mbao za nje akazifunga ili asiulizwe na watu wa serikali wanaohifadhi nyumba za kale. Tundu la hewa la juu ya mlango akaliziba kwa plaiwudi. Kikawa chumba kimya kabisa, kisafi kabisa, kisicho na hata pumzi ya upepo, chini ya bati la moto. Halafu akakitia AC na kuiweka kumi na sita.

Maalim alikuwa amelala na mablanketi mawili. Nikamwamkia. Akanitazama muda mrefu, midomo ikamchezacheza, halafu akasema, "Fungua."

Rukia akachukua rimoti.

Hapo wengine mnaweza kuwa mnatucheka, lakini nyote mnaozungumza Kiswahili mnajua tunavyosema. Tunafungua redio, tunafungua feni, tunafungua AC. Mzee wa watu amelala ndani ya tanuri, AC ipo juu ya kichwa chake, anasema "fungua", nani atahangaika kutafuta maana nyengine? Rukia aliniambia ndilo neno analolisema kuliko yote. Anaposema, wanaongeza ubaridi. Anatikisa kichwa, analisema tena, wanaongeza tena. Akianza kutetemeka wanamwekea blanketi, halafu analisema tena. Ndiyo maana Nassor alitaka AC ya pili katika chumba kilekile. Na mie, fundi mkubwa, niliyekalishwa mbele ya mita na Bwana Kanti, nikanyoosha mkono mbele ya AC, nikafikiri kidogo kwa heshima zangu zote, nikasema nadhani gesi imepungua.

Nikarudi kwenye lile ninalolijua. Nikaomba tuzime kila kitu. Nassor akazima, akaniambia tayari. Taa nyekundu ya mita ikawa inapepesa kwa furaha zake. Akarudi kuzunguka vyumba vyote, akaniambia hakuna kinachowaka, mita mbovu. Nikasikiliza. Kulikuwa na mvumo kutoka uwani. Ilikuwa pampu ya kisima. Boya la tangi la juu lilikuwa limekatika, sijui tangu lini, kwa hivyo pampu haikujua kwamba tangi limejaa. Maji yalikuwa yakipandishwa ghorofa tatu kwa gharama, yakimwagika mferejini, na mfereji ukiyarudisha kisimani bure. Rukia alisema mlio huo wa maji wameuzoea, na mtoto mdogo huutumia kulalia.

Tukaendelea. Hita ya maji ya kuogea ilikuwa imewashwa tangu alfajiri, kwa ajili ya mtu mmoja anayeogeshwa mara moja asubuhi. Friji mbili. Ya kwanza mpira wa mlango umekakamaa, ukiweka karatasi katikati na kufunga, karatasi inadondoka yenyewe. Ya pili ilikuwa na chupa ya maji na tende za mfungo uliopita. Taa, namshukuru Mungu, zote zilikuwa zile mpya zisizokula umeme, na Nassor alinionesha kila moja kwa fahari.

Tukakaa kwenye sakafu ya ngazi, Nassor, Rukia, muuza sola na mie, nikawaambia nionavyo. Kwanza tuzibe pale umeme unapotoroka: boya, mpira wa friji, hita iwashwe kabla ya kuoga tu, friji ya pili ipewe likizo. Halafu tushughulike na jua: bati lipakwe rangi nyeupe, na chini yake iwekwe silingi bodi yenye nafasi ya hewa ya moto kutokea pembeni. Halafu upepo: vioo vitolewe, mbao zitengenezwe, tundu la juu ya mlango lizibuliwe. Halafu feni. Kitakachobaki baada ya hapo ndicho cha AC, nayo ifanye kazi saa chache za mchana badala ya kutwa kucha. Sola ije mwisho, ndogo, kwa nyumba iliyokwisha kupona. Ukianza na sola, unanunua paneli za kumwagia maji kisimani.

Nassor alinisikiliza kwa adabu na uso wake ukawa unashuka. Nilimwelewa. Mtu ameweka akiba muda mrefu ili amfanyie babake jambo kubwa, anakuja mwanamke mmoja na goti bovu anamwambia akanunue boya.

"Bi Mwanaidi," akasema, "nimwambie nani kuwa nimemnunulia baba boya?"

Aliyemjibu, nanyi mtastaajabu, ni muuza sola. Alikuwa amekwenda kulitazama lile tangi mwenyewe. Akasema kwamba matumizi yakishuka, yeye atauza kitu kidogo zaidi, na hilo halimpendezi bosi wake, lakini anaweza kungoja. Nimekutana na wauzaji wengi katika maisha yangu, na mpaka leo sijui yule alikosea wapi hata akawa mkweli.

Rukia ndiye aliyekata shauri. Alisema waanze na yale madogo. Wakifika Ramadhani na mambo yakiwa yaleyale, yeye mwenyewe atafunga mizigo ya Fuoni, na hatosema neno. Nassor akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu hakutarajia lolote.

Boya likabadilishwa siku ileile. Wiki haijesha Nassor akawa mtu mwengine. Akitoka kazini, kabla ya kuvua viatu, anakwenda kuitazama mita, kama watu wanavyotazama mechi. Wiki aliyonunua yuniti Jumatatu na Alhamisi ikapita bila ya mlio, alinipigia simu akaniuliza kama mita inaweza kuharibika kwa namna ya kumpendelea mtu. Mpira wa friji ulibadilishwa na kijana wa Mikunguni. Bati tulilipaka rangi nyeupe, jirani wa upande wa pili akauliza kama tunazionesha ndege za watalii njia. Halafu seremala akaja na silingi bodi. Mchana wa kwanza baada ya silingi kufungwa nilisimama chumbani kwa Maalim saa nane, nikaona naweza kusimama. Zamani nilikuwa nakimbilia mlangoni.

Kwa hesabu zangu kazi ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Ila Maalim hakuonekana kujali hesabu zangu. Chumba kilikuwa na nafuu, AC imepandishwa mpaka ishirini na sita, mablanketi yametolewa, na bado kila anapoingia mtu anasema lilelile. "Fungua." Rukia akaanza kuogopa kwamba akili nayo inakwenda.

Madirisha tuliyaacha mpaka mwisho, kwa sababu Nassor alikuwa na huruma nayo. Alikuwa ameyalipia vizuri, yalikuwa yanang'aa, na hata mie nilitaka yatolewe kwa sababu moja tu, upepo. Nilimwambia aende kazini asione. Asubuhi ile tulimweka Maalim kwenye kiti, tukamsogeza kando kidogo ya dirisha vumbi lisimwangukie, na mie na seremala tukaanza kufungua skrubu za fremu upande wa barabarani. Kioo cha kwanza tukakitoa, tukakiegemeza ukutani. Cha pili. Seremala akazisukuma zile mbao za nje. Zilikuwa zimegoma, akazipiga kwa kiganja, zikafunguka kwa kishindo.

Mie nilikuwa nimenyoosha mkono kupima upepo. Upepo ulikuja, lakini haukuja wa kwanza. Kilichotangulia ni kelele. Vikombe vya muuza kahawa vikigongana. Vespa. Mwanamke anakataa bei ya mchicha. Watoto wanatoka chuo cha Kurani. Na chini yake kabisa, barazani, sauti nzito ya Mzee Vuai, jirani wa nyumba ya pili, akimweleza mtu kwamba lile goli la jana halikuwa goli.

Mzee Vuai alikuwa akikaa pale kila siku ya Mungu tangu ujana wao. Maalim alipougua, alikuja mara mbili, akaambiwa mgonjwa hatakiwi kuchoshwa. Akaona madirisha ya juu hayafunguliwi tena. Akafahamu kwamba hatakiwi, akawa anakaa barazani tu, chini ya chumba cha mwenzake, bila ya kupanda.

Niligeuka kwa sababu nilisikia kiti kikilia. Maalim Khatibu alikuwa ameunyanyua mkono wake wa kushoto na kuushika ukingo wa dirisha, anajivuta. Seremala akamshika kwapani. Midomo ikahangaika muda, na uso ukamwiva.

"Vuai," akasema.

Haikuwa sauti kubwa. Lakini chini waliisikia. Yule aliyekuwa akielezwa habari za goli akainua kichwa, na muuza kahawa akashikilia vikombe vyake. Tangu siku ya kiharusi hakuna aliyemsikia akimwita mtu kwa jina, hata mwanawe.

Halafu kutoka chini, taratibu, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, Mzee Vuai akajibu: "Naam, Maalim."

Rukia alikuwa amesimama mlangoni, na rimoti mkononi. Akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa akilia, lakini bila ya sauti, machozi yanajishukia tu.

"Dirisha," akaniambia. "Siku zote hizo alikuwa akisema dirisha. Na mie namtia baridi."

Nilitaka kumwambia kwamba sote tulimtia baridi, na kwamba mie ndiye niliyesema gesi imepungua. Sikupata nafasi, kwa sababu Mzee Vuai alikuwa ameshaanza kupanda ngazi, na kwa umri wake na mwili wake ile ilikuwa shughuli ya mtaa mzima.

Nassor aliporudi jioni alisimuliwa na kila mtu aliyemkuta njiani kabla ya kufika mlangoni kwake. Alipanda moja kwa moja. Alimkuta babake amekaa dirishani na Mzee Vuai amekaa mkekani, hawazungumzi, wanatazama njia. Nassor alivua shati lake la ofisini, akachukua bisibisi kwenye mkoba wangu, akaenda kwenye dirisha la pili akaanza kuzifungua skrubu mwenyewe. Alikuwa hajui kushika bisibisi, alikuwa anaikamata kama kijiko, na skrubu mbili akazivunja vichwa. Nilimwacha. Ziko siku fundi anatakiwa akae kimya aangalie kazi yake ikiharibiwa.

Mambo yakaishia hivi. Ramadhani ilipofika hakuna mizigo iliyofungwa. Mchana wa kaskazi feni inazunguka, na AC inafanya kazi kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, vioo vya upande mmoja tu vikirudishwa na mbao za pande nyengine zikifungwa ili ubaridi usitoroke, kisha inapumzishwa. AC ya pili haikununuliwa. Nyumba ya Fuoni walipangisha. Yule muuza sola alirudi mwaka uliofuata kama alivyoahidi, akawafungia paneli chache za taa, feni na friji, na Nassor akapata hatimaye kitu cha kuonesha. Kila mgeni anapelekwa juu kuzitazama. Boya halioneshwi kwa mtu, maskini, ingawa ndilo lililolipia kila kitu.

Na nyinyi mnaosoma haya, najua mnataka niwape mpangilio. Mmeshausikia pale kwenye ngazi, ziba, kinga jua, ingiza upepo, halafu ndio ununue kinachong'aa. Fanyeni hivyo na mita itakuheshimuni. Lakini kabla ya hayo yote ingieni chumbani, mkae. Mjue nani anakaa mle, saa ngapi, anafanya nini, na nini anakiomba. Mie nilizima kila swichi ya nyumba ile nikasikia mpaka mvumo wa pampu, na mtu aliyekuwa akiniambia neno moja kwa Kiswahili fasaha, uso kwa uso, nikashindwa kumsikia. Kwa hilo hakuna kifaa. Nimetafuta madukani, hakipo.

Mwezi uliopita Rukia alinipigia simu. Nilidhani kuna kilichoungua. Aliuliza hali, akaniuliza goti, halafu akaja kwenye lililomsumbua. Alisema Mzee Vuai sasa anahamia kwao kila siku baada ya chai ya asubuhi, na wale wazee wawili wanabishana dirishani mpaka adhuhuri, kwa sauti ya kusikika Malindi. Watoto hawawezi kusoma. Jirani ameshalalamika. Akaniuliza, fundi wa miaka yote, kama hakuna aina ya dirisha linaloingiza upepo na kuzuia kelele.

Nikamwambia kwa hilo sina la kumsaidia. Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini nyuma ya sauti yake nilimsikia Mzee Vuai akipiga makelele kuhusu penalti, na Maalim Khatibu akimjibu, polepole, neno mojamoja, na kila neno lilikuwa tusi.